Kufunga mota mbili za umeme kwenye magurudumu ya nyuma ya Corolla 110: mwongozo kwa anayeanza

Maswali yanayonifikia kuhusu kazi hii hayabadiliki. Mwenye gari anataka kujua kama gari lake la petroli linaweza kuongezewa mota za umeme likawa haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, ataokoa mafuta kiasi gani, kama mota hizo zitajichaji zenyewe akiwa njiani, na kama fundi wake wa kawaida anaweza kumaliza kazi hiyo ndani ya wiki moja. Nimeona ni bora niyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayetaka kuanza ajue anaingia katika kitu gani kabla hajatoa fedha zake.

Majibu mafupi ni haya. Ndiyo, inawezekana. Profesa Charles Perry wa Chuo Kikuu cha Middle Tennessee State huko Marekani aliwahi kuionyesha hadharani kwa Honda Accord ya mwaka 1994, iliyofungwa mota kwenye magurudumu ya nyuma na betri ya lithiamu kwenye buti. Kuhusu mafuta, betri ninayoieleza hapa chini ikichajiwa kikamilifu nyumbani inatoa kazi inayolingana na ile ambayo injini ndogo, ikiwa mjini, ingeifanya kwa lita 2 hivi za petroli. Asiyetembea kila siku asitarajie fedha zake zirudi mapema. Mota hazijichaji zenyewe, kwa sababu hakuna mota inayoweza kulisukuma gari na papo hapo kuchaji betri ile ile inayoiendesha, na yeyote anayekuuzia kifaa cha namna hiyo anakuuzia hewa. Na wiki moja haitoshi: jiandae kwa miezi miwili ya kazi ya jioni na mwisho wa wiki.

Mfano wangu ni Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, giaboksi ya kubadilisha gia kwa mkono, breki za dramu nyuma, na isiyo na ABS (mfumo unaozuia magurudumu kuganda ukifunga breki). Nimeichagua kwa makusudi. Gari hili husukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ya nyuma yapo huru kupokea mota bila kugusa injini wala giaboksi. Gari lenye ABS liachwe na anayeanza, kwa sababu ukiondoa habu ya nyuma (kitovu ambacho rimu hufungwa) unaondoa pia sehemu inayosomwa na sensa ya mwendo, na mfumo mzima wa ABS unalala. Gari la otomatiki linawezekana, lakini pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Siku utakayoizima injini huku mota zikilisukuma gari, giaboksi itazunguka bila kulainishwa na itaungua.

Kanuni moja inatawala mwongozo huu wote: injini inabaki ikiwaka muda wote gari linapotembea, na mota zinasaidia tu. Bila injini, usukani wa Corolla hii unakuwa mzito, na breki zinapoteza buster (kifaa kinachouongezea mguu nguvu) baada ya kukanyagwa mara mbili au tatu. Yapo mafuta yatakayopotea kwa kuiacha injini kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na ninayakubali hayo kuliko kumpeleka mtu barabarani akiwa na pedali ya breki ngumu kama jiwe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usinunue kimoja kimoja huku kazi ikiendelea. Vipimo vya kifaa kimoja huamua vipimo vya kingine.

- Mota mbili za gurudumu za kilowati 3 kila moja, za volti 72, zenye sensa za Hall (zinazoonyesha mota imezunguka hadi wapi), zinazozunguka takriban mara 1,000 kwa dakika zikiwa hazina mzigo, na zenye uso wa kufungia rimu wenye matundu 4 kwenye duara la milimita 100.
- Kontrola mbili (vifaa vinavyogawa umeme kwa mota) zinazolingana na mota hizo, zinazostahimili angalau volti 120.
- Seli 24 za lithiamu chuma fosfeti za ampea-saa 100, mpya na za toleo moja, pamoja na BMS ya seli 24, yaani kifaa kinachosimamia kila seli peke yake.
- Chaja ya volti 87.6 na ampea 10.
- Kontakta ya umeme wa DC (swichi nzito inayofungwa kwa umeme), fyuzi ya DC ya ampea 150 iliyoandikwa volti 125 au zaidi, rezista ya oms 100 yenye mwili mkubwa wa kauri, swichi kubwa nyekundu ya dharura, na kebo laini ya shaba ya milimita za mraba 35 na 25.
- Diski mbili za breki za nyuma na kalipa (vibanio vya diski) zenye mkono wa handibreki ndani yake.
- Multimita nzuri, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, krimpa ya haidroliki ya kubania vichwa vya kebo, stendi nne imara za kuinulia gari, glavu za mpira za fundi umeme, na kizimamoto.

Neno moja kuhusu mota, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mota za pikipiki na za bajaji hufanana sana kwa sura na hizi, na bei yake huvutia, lakini beringi zake zilitengenezwa kubeba mtu mmoja au wawili. Gurudumu moja la nyuma la Corolla yenye abiria, mizigo na betri linaweza kubeba zaidi ya kilo 300, tena kwenye mashimo. Mwombe muuzaji akuandikie uzito ambao mota inabeba. Ikiwa ni chini ya kilo 400 kwa gurudumu, au hajui, acha.

Kasi ya mota nayo haichaguliwi kwa kukisia. Mota inayozungushwa na gari huzalisha umeme hata ikiwa umeizima. Ukichukua mota inayofikia mwisho wake kwenye kilomita 60 kwa saa, kisha ukatoka na gari barabara kuu kwa kilomita 100, volti inayozalishwa itaipita ya betri, umeme utajisukuma ndani ya betri bila idhini ya mtu, na kapasita za kontrola (vihifadhi umeme vilivyo ndani yake) zinaweza kupasuka. Kwa tairi za 185/65R14, mizunguko 1,000 kwa dakika ni kilomita 112 kwa saa hivi. Chukua hiyo, na gari lako lisipite 90.

Hatua za kazi

1. Lipime gari kabla hujaligusa. Jaza tangi hadi juu, tembea safari zako za kawaida, jaza tena, andika kilomita na lita. Fanya hivyo mara tatu. Bila namba hizi hutajua kamwe kama kazi yako imeleta faida, utabaki kusema kwamba gari linaonekana limebadilika. Kagua pia shokapu, bushi na springi za nyuma, kwa sababu utaongeza kilo 110 hadi 120, sawa na abiria wawili ambao hawashuki.

Wakati huo huo zungumza na kampuni yako ya bima, na uulize utaratibu wa ukaguzi wa gari lililobadilishwa. Kenya utaanzia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Tanzania usajili wa magari uko TRA, mamlaka ya mapato, na ukaguzi uko kwa polisi wa usalama barabarani. Ni afadhali ujue masharti yao sasa kuliko baada ya kukata chuma.

2. Tengeneza bamba la kushikia mota. Inua gari, liweke kwenye stendi, ondoa dramu na habu ya nyuma. Habu inashikwa na boliti nne. Matundu hayo manne ndiyo yatakayobeba kila kitu. Chukua katoni ngumu, ikandamize juu ya matundu, yachore, kisha pima umbali kutoka uso wa habu ya zamani, pale rimu inapokaa, hadi uso wa chuma kilichobaki. Umbali huo lazima urudi vile vile baada ya mota kufungwa, la sivyo tairi itakwangua bodi upande mmoja au kutokeza nje ya madigadi upande mwingine.

Bamba likerezwe kwenye mashine, kwa chuma kisichopungua unene wa milimita 12. Mafundi wa kukereza wa Gerezani pale Dar es Salaam, au wa Kariobangi Light Industries pale Nairobi, wanaiweza kazi hii vizuri ukiwapelekea mota yenyewe pamoja na katoni yako, badala ya kuwaeleza kwa mdomo. Tundu la katikati lifuate umbo la ekseli ya mota, zile pande zake bapa, bila nafasi ya kucheza. Mota inapolisukuma gari mbele, ekseli nayo inajaribu kuzunguka kinyume. Ikipata nafasi ya unywele, itaila ile nafasi hadi iwe tundu la duara, na siku hiyo itajizungusha na kuzikata nyaya zake zote.

*Tahadhari:* usichomelee chochote kwenye mikono ya sasapenshi. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma hicho, na ufa wake huonekana ukiwa umechelewa.

3. Funga breki, na uzimalize kabisa kabla ya umeme wowote. Hatua hii ndiyo ninayoomba uifanye polepole kuliko zote. Diski inafungwa upande wa ndani wa mota, na kalipa inakaa kwenye bamba lile lile ulilokereza. Tumia paipu mpya za mpira, toa upepo kwenye mfumo wote wa breki, magurudumu yote manne, kisha rekebisha waya wa handibreki hadi ushike ndani ya meno sita au saba.

Jaribu hivi. Kwanza, liache gari kwenye mteremko likiwa limeshikwa na handibreki pekee kwa dakika kumi, na mtu akiwa ndani. Pili, kwenye uwanja mtupu, kimbia kilomita 30 kwa saa na ukanyage breki kwa nguvu, mara kumi, huku mwenzako akitazama kutoka pembeni. Magurudumu ya nyuma yasigande kabla ya ya mbele. Yakiganda mapema, gari litageuza mkia siku ya mvua; badilisha kalipa kwa zenye pistoni ndogo na urudie. Tatu, baada ya majaribio, sogeza kiganja karibu na kila diski bila kuigusa: joto la kushoto na la kulia liwe sawa.

4. Tembea kilomita 200 bila umeme. Kila mota inatoa nyaya tatu nene za fezi, zinazobeba umeme wa nguvu, na kifurushi cha nyaya tano nyembamba za Hall. Funika ncha ya kila waya wa fezi peke yake, kwa sababu fezi zikigusana mota hugeuka kuwa breki. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena nati za magurudumu kwa nyutonimita 103, na boliti za bamba kwa kipimo ulichopewa na mkerezaji kulingana na daraja la boliti, halafu piga mstari wa rangi nyeupe unaovuka kichwa cha boliti na bamba. Mstari ukikatika, boliti imezunguka.

Katika hatua hii angalia kwa makini njia ya nyaya kwenye uvungu wa tairi. Mimi niliipuuza kwenye gari langu la kwanza. Nyaya za kushoto nilizipitisha karibu na shokapu na kuzifunga kwa kamba za plastiki. Kila shimo lilipopita, shokapu ilizikwangua kidogo, na baada ya wiki tatu mpira ulikuwa umeisha. Nilikuwa napunguza mwendo kukaribia tuta, mvua ikinyesha, nikasikia mlio mfupi kama wa kitambaa kinachochanwa, na gurudumu la kushoto likashikwa. Gari lilisimama likiwa limekaa mshazari kati ya njia mbili. Nilipoinama chini niliona shaba tatu zimelala pamoja, zimeng'aa kama zimesuguliwa kwa msasa. Tangu hapo nyaya hizo nazipitisha juu ya mkono wa sasapenshi, ndani ya mpira mnene, zikiwa na kitanzi kinachoning'inia chini ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani ya mota. Kisha mtu hupanda na kushuka kwenye buti mara ishirini huku nikiwa chini na tochi nikitazama kama kuna kinachogusana.

5. Jenga betri. Seli 24 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 76.8 za wastani na volti 87.6 zikijaa. Umeme wa DC wa kiwango hicho unaua, na ukiunguza hauachi kirahisi. Vua pete, saa na mkufu. Funga spana zako kwa utepe wa umeme, ubaki na ncha tu. Usifanye kazi hii ukiwa peke yako nyumbani.

Jenga mafungu mawili ya seli 12, kila fungu kwenye sanduku lake la chuma lenye bitana ya plastiki ngumu, na uyaunganishe kwa plagi moja inayochomoka kwa mkono. Plagi ikitoka, hakuna mahali penye zaidi ya volti 44, na hivyo ndivyo utakavyokuwa ukifanya kazi kila siku. Kabla ya kuziunga mfululizo, ziunge seli zote sambamba, zichaji polepole hadi volti 3.65 (kwa chaja ya volti 3.65, kamwe si ile ya 87.6), na uziache usiku kucha zilingane. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka, kisha hulalamika kwamba betri yao mpya inakata katikati ya safari.

Seli zibanwe kwa mabamba pande mbili ili zisivimbe, kila nati ya shaba ikazwe kwa kipimo, na fyuzi ikae karibu na ncha chanya kuliko kitu kingine chochote. Usitumie sakiti breka ya nyumbani badala ya fyuzi ya DC. Breka hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa AC, na ikijaribu kukata DC cheche yake inaweza kuendelea kuwaka ndani. Waya hasi wa betri hii usiguse bodi ya gari mahali popote. Bodi ni ya betri ya volti 12, ambayo itaendelea kuchajiwa na alterneta kama zamani.

Masanduku yakae kwenye buti, yakigusa mgongo wa siti ya nyuma, yakishikwa na boliti zinazopita sakafu na kuwa na bamba chini yake. Pasiwe na sanduku nyuma ya ekseli karibu na bampa, ambako gari jingine likikugonga litalifikia. Buti la gari lililoachwa juani pwani hupata joto kali, na seli hizi zisichajiwe zikiwa zimepita nyuzi 45, hivyo weka sensa ya joto ya BMS katikati ya seli, wala si juu ya kifuniko.

6. Unga waya wa nguvu. Mpangilio ni huu: betri (ile plagi ya kuchomoa ikiwa katikati ya mafungu yake mawili), fyuzi, swichi ya dharura iliyo karibu na mkono wa dereva, kontakta, kisha kontrola mbili. Kebo kuu iwe ya milimita za mraba 35, na inayokwenda kila kontrola iwe ya 25.

Sambamba na kontakta weka rezista ya oms 100 pamoja na rilei yake ndogo, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Ndani ya kontrola kuna kapasita kubwa, na ukiziunganisha ghafla na betri utaona mwanga wa buluu, utasikia mlipuko mdogo, na uso wa kontakta utaanza kuungua hadi siku moja ugande ukiwa umefungwa. Rezista huzijaza kapasita taratibu kwa sekunde mbili, ndipo kontakta inaposhika.

7. Unga amri za dereva. Usichukue ishara kutoka kwenye pedali ya mafuta wala kwenye sensa ya injini, kwa sababu utaichanganya kompyuta ya injini na pia utaunganisha betri kubwa na bodi. Tumia leva ndogo ya kidole gumba, inayorudi yenyewe kwa springi, ifungwe karibu na usukani. Leva hiyo hutoa volti 0.8 hivi ikiachwa na volti 4 hivi ikibanwa mwisho, na waya wake mmoja wa ishara unakwenda kontrola zote mbili, ili mota zisukume kwa pamoja.

Kisha weka rilei mbili zinazokata leva: moja inayofuata taa ya breki, nyingine inayofuata taa ya rivasi. Jaribu kila moja peke yake, huku magurudumu yakiwa hewani. Mguu ukigusa breki, mota zikate papo hapo, hata kama kidole kimebana hadi mwisho.

8. Washa kwa mara ya kwanza magurudumu yakiwa hewani. Weka kikomo cha kila kontrola kwenye ampea 20 na uzime kabisa kuchaji kwa breki, yaani mota kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye betri gari linapopunguza mwendo. Mota ya kushoto na ya kulia zimetazamana kinyume, kwa hiyo moja lazima ielekezwe kuzunguka nyuma ndani ya kontrola yake. Kontrola nyingi za sasa hujifunza mpangilio wa fezi zenyewe. Unaunganisha waya wa kujifunzia, gurudumu linazunguka polepole, unauchomoa likiwa linakwenda mbele.

9. Toka barabarani kwa ngazi. Anza kwenye uwanja mtupu kwa ampea 20, kisha 40, na umalizie 70 kwa kila kontrola. Baada ya kila ngazi zima swichi ya dharura, shuka, chomoa plagi ya betri, kisha gusa kebo, vichwa vya fyuzi na sanduku la kontrola. Kichwa cha kebo chenye joto kuliko kebo yenyewe hakikubanwa vizuri. Kikate na ukibane upya.

Matumizi yenyewe ni rahisi. Gari la kilo 1,100 linalokwenda kilomita 40 kwa saa kwenye lami tambarare linahitaji kilowati 2 hivi tu magurudumuni, na ndiyo maana mota ndogo kama hizi zina faida. Ukiwa kwenye mwendo, bana leva na ulegeze mguu wa mafuta hadi kasi ibaki ile ile. Kwenye foleni weka giaboksi huru, injini ikiwa kwenye sailensa, na usogeze gari kwa kidole. Hapo utaokoa mafuta na klachi pia. Mlimani irudishe kazi kwa injini. Mota hizi mbili peke yake zinaishia kwenye mwinuko wa mita 4 hivi kwa kila mita 100, na kule Kitonga, ule mlima mkali wa barabara ya Iringa, utaziunguza ukizilazimisha.

Kuchaji kwa breki usikuwashe kabla ya kilomita 1,000. Hata baadaye kuwe kidogo sana, kwa sababu kunashika magurudumu ya nyuma pekee, na nyuma ikishikwa kwenye lami yenye maji gari hugeuka. Mvua ikianza, kizime. Betri ikiwa imejaa na unaanza kushuka mteremko mrefu, kizime pia, kwa kuwa BMS itaukata umeme huo ghafla na utabaki bila breki uliyoizoea.

Chaji kamili kutoka asilimia 20 huchukua uniti 7 hivi na saa 8 hivi kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani yenye ethi nzuri. Baada ya mwezi rudia kipimo cha tangi hadi tangi ulichokifanya katika hatua ya 1, na uhesabu pia uniti ulizonunua.

Matatizo yanayojitokeza na pa kuanzia kutafuta

*Mota inatetemeka na kunguruma bila kuzunguka.* Fezi na Hall hazikupangwa sawa. Rudia zoezi la kujifunza; likishindikana, acha nyaya za Hall zilivyo na ubadilishane zile tatu za fezi. Mipangilio ni sita tu.

*Mota imekufa ghafla, lakini gurudumu linazunguka laini kwa mkono.* Pima Hall. Betri ikiwa imewashwa na gari limeinuliwa, weka multimita kati ya waya mweusi mwembamba na kila waya wa ishara, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Namba iruke kati ya sifuri na volti 5. Waya ambao namba yake haibadiliki ndio wenye sensa iliyokufa au plagi iliyoingia maji.

*Gurudumu ni zito kuzungusha hata umeme ukiwa umezimwa.* Chomoa fezi za mota hiyo. Likilegea, kontrola imeungua ndani. Lisipolegea, tafuta fezi zilizogusana kwenye waya, au kalipa iliyoganda.

*Gari linavuta upande mmoja unapobana leva.* Kontrola mbili hazina kikomo sawa cha ampea, au moja imejipunguza nguvu kwa sababu ya joto. Usiendelee kulitumia hivyo; zima mota zote mbili na urudi kwa injini.

*BMS inakata wakati betri bado inaonyesha nusu.* Soma volti za seli moja moja ukiwa unabana leva. Seli moja itaporomoka kuliko wenzake. Mara nyingi kosa ni nati iliyolegea kwenye seli hiyo, ama seli hazikulinganishwa mwanzoni.

*Mota inatoa mlio wa kusaga baada ya mvua kubwa.* Maji yameingia. Usiiendeshe kwa umeme hadi ifunguliwe, ikaushwe na sili ibadilishwe. Maji yanayofika katikati ya gurudumu, kama yale ya Jangwani, Dar es Salaam, yanapojaa, gari hili lisiyapite kabisa.

Kabla ya kumkabidhi mtu mwingine gari hili, bandika kibandiko ndani ya kifuniko cha buti na kingine kwenye mlango wa dereva, chenye maneno makubwa: betri ya volti 87 ipo nyuma, swichi ya kuizima ipo hapa, kebo nene za betri zisikatwe, gari livutwe likiwa limepakiwa juu ya gari jingine na si kwa kuburutwa magurudumu ya nyuma yakizunguka. Mwonyeshe pia fundi wako wa tairi nyaya zinazotoka kwenye mota, na umwambie asisimamishe jeki chini ya mkono zinakopita.